Kujificha pamoja au kutawanyika: uamuzi mgumu wa familia za Kiyahudi Uholanzi

Mwaka 1960 mwanasaikolojia Bruno Bettelheim alimlaumu Otto Frank, baba wa Anne Frank aliyeandika shajara mafichoni, kwa kuificha familia yake yote mahali pamoja. Kwa maoni yake, kama kila mmoja angefichwa mahali pake, huenda mabinti wawili wa Otto wangepona. Lawama hiyo ina ukweli wake, ila inamdai Otto kitu ambacho hakuwa nacho mkononi.

Wayahudi waliokuwa Uholanzi Wanazi wa Ujerumani walipoivamia walikaribia 140,000, na takriban 102,000 waliuawa. Waliojificha walikuwa kama 28,000. Si chini ya theluthi moja wakanaswa. Mtoto mmoja aliweza kuelezewa: majirani waliambiwa katoka Rotterdam, kwao kumeteketezwa na mabomu ya Mei 1940. Watoto wanne utawaelezaje? Msichana alipata wa kumpokea upesi kuliko mvulana, maana tohara ingemuumbua mvulana siku ya ukaguzi. Kisha chakula. Mtu mmoja huweza kula sufuria moja na wenyeji, lakini watu wanane hawalishiki bila kadi za mgao, nazo kwa aliyejificha zilipatikana kwa magendo au kwa wizi tu.

Pale Prinsengracht 263, Amsterdam, walikojificha akina Frank na wenzao, walikuwa wanane hasa. Wafanyakazi wa ghala la chini hawakuwa na habari, hivyo saa za kazi ilikuwa marufuku kuvuta maji chooni au kutembea na viatu, na mwenye kikohozi alijiziba mdomo. Mboga zilitoka kwa muuzaji mmoja. Mei 1944 naye akakamatwa kwa kuficha Wayahudi nyumbani kwake, na chakula kikapungua palepale. Tarehe 4 Agosti polisi waliingia wakawachukua wote kwa mpigo. Aliyerudi hai ni Otto peke yake.

Hata hivyo, kutawanyika kulihitaji mtandao wa watu. Margot, binti mkubwa wa Otto, alipoitwa kupelekwa kazini Ujerumani, Julai 1942, mitandao ya kuficha watu ilikuwa bado michanga. Otto alikuwa na jengo, akiba na wafanyakazi aliowaamini, basi akatumia hivyo. Tena kila uhamisho ulimaanisha safari ya treni na kitambulisho bandia, huku mwaka 1943 wasakaji wakilipwa gilda 7.50 kwa kila Myahudi. Wenyeji walichoka, wengine waliingiwa na hofu, na mtoto akahamishwa tena na tena. Wazazi wengi hawakuambiwa aliko, ili wakiteswa wasiwe na la kusema.

Kwa watoto wadogo, kutawanyika ndiko kulikokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuokoa maisha, na hilo linapaswa kusemwa wazi. Gharama yake ilidaiwa baada ya vita: yatima wapatao 2,000 walisubiri tume ya serikali iamue nani awalee. Ndugu waliosalia waliwataka warudi kwenye ukoo na dini yao. Walezi nao hawakutaka kuwaachia. Na mtoto aliyetolewa kwao akiwa na mwaka mmoja au miwili hakumjua mama mwingine zaidi ya yule aliyemficha.