Fleet Walker alitolewa ndani, hakuzuiwa mlangoni

Kila Aprili 15 wachezaji wote wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani huvaa jezi namba 42. Ni heshima kwa Jackie Robinson, aliyeanza kuichezea Brooklyn Dodgers tarehe hiyo mwaka 1947, na anaistahili yote. Kinachoniuma ni maneno yanayoambatana na siku hiyo magazetini na kwenye runinga, kwamba Robinson ndiye mtu mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu. Msomaji akishayasikia hayo huondoka akiamini kuwa tangu mchezo huo uanze mlango ulikuwa na kufuli, kwamba ndivyo dunia ya zamani ilivyokuwa, na hakuna wa kuulizwa.

Wa kuulizwa wapo. Mei 1, 1884, miaka 63 kabla ya Robinson, timu ya Toledo Blue Stockings ilicheza mechi yake ya kwanza katika American Association, ambayo wakati huo ilikuwa ligi kuu, dhidi ya Louisville. Mdakaji wake alikuwa Moses Fleetwood Walker, kijana mweusi ambaye hakujificha wala hakufichwa. (Mwaka 1879 timu ya Providence iliwahi kumchezesha mwanafunzi aitwaye William Edward White, aliyezaliwa utumwani, kwa mechi moja tu. Lakini White alihesabiwa kuwa mzungu, na waliomtazama hawakujua.) Walker alicheza mbele ya macho ya watu wote, na kila mtu alijua anamtazama nani.

Walimwita Fleet. Alizaliwa Oktoba 7, 1856 huko Mount Pleasant, Ohio, akakulia Steubenville, na baba yake alikuwa daktari na mchungaji. Alisoma Oberlin, chuo kilichokuwa kikipokea wanafunzi weusi tangu kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Michigan kusomea sheria. Wachezaji wengi wa kulipwa wa enzi hiyo walitoka viwandani na migodini. Kwa elimu, Walker aliwazidi karibu wote waliokuja kusema kuwa hafai kukaa nao.

Kazi ya mdakaji inahitaji maelezo kidogo kwa asiyeufahamu mchezo. Mrushaji hurusha mpira kuelekea kwa mpigaji mwenye gongo, na mdakaji hukaa nyuma ya mpigaji kuudaka usipopigwa. Leo ana glavu nene, kinga ya kifua na kinga za miguu. Mwaka 1884 mrushaji alirushia kutoka futi 50, karibu zaidi kuliko futi 60 na inchi 6 za siku hizi, na mdakaji aliupokea mpira huo kwa mikono mitupu au kwa glavu nyembamba za ngozi. Wadakaji walivunjika vidole, viganja vikavimba, na wengine hawakuweza kucheza siku mbili mfululizo. Ndiyo maana mdakaji hodari alikuwa mtu wa kutafutwa. Walker alisifiwa kwa udakaji wake hata na waliomchukia.

Sisemi hivyo kwa kumpamba. Tony Mullane, mrushaji nyota wa Toledo msimu ule, alikiri mwenyewe mwaka 1919. Alisema Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliowahi kufanya nao kazi, lakini kwa kuwa hakuwapenda watu weusi, alirusha alivyotaka bila kuangalia ishara zake. Katika besiboli mdakaji humwonyesha mrushaji kwa vidole aina ya mpira wa kurusha, na mikono yake hujiandaa kwa mpira huo. Siku moja Walker alitoa ishara ya mpira wa kupinda, Mullane akarusha wa kasi ulionyooka. Kwa maelezo ya Mullane, Walker alimwendea akamwambia kuwa yuko tayari kumdakia bila ishara zozote, lakini hatakubali kutoa ishara halafu achezewe. Msimu wote uliobaki akadaka kila kilichorushwa, bila kujua kinachokuja. Ukitaka kujua Walker alikuwa mchezaji wa namna gani, anzia hapo. Takwimu zipo pia: mechi 42, mipigo salama 40 katika zamu 152, wastani wa .263, ambao kwa mdakaji wa wakati ule ni mzuri. Mdogo wake, Weldy, naye alicheza mechi 5 katika timu hiyohiyo.

Sasa tuje kwa waliomtoa. Mara nyingi tunaambiwa kuwa mashabiki wasingekubali. Agosti 1881 Walker alikwenda Louisville na timu ya Cleveland iliyodhaminiwa na kampuni ya cherehani. Wenyeji walikataa acheze, akakaa pembeni. Mdakaji aliyewekwa badala yake aliumia mkono akagoma kuendelea, na watazamaji, katika mji wa kusini uliowahi kuwa na watumwa, wakapaza sauti wakitaka Walker aingie. Alipoanza kupasha mwili, wachezaji wawili wa Louisville waliondoka uwanjani. Sidai kuwa alishangiliwa kila alikokwenda, kwani kuna miji alizomewa vibaya. Ila siku ile umati ulitaka acheze, na waliokataa walikuwa wanamichezo wenzake.

Miaka 2 baadaye, Agosti 10, 1883, Chicago White Stockings walifika Toledo kwa mechi ya kirafiki. Nahodha na meneja wao, Cap Anson, alikuwa mchezaji mashuhuri kuliko wote nchini. Akatangaza kuwa timu yake haitaingia uwanjani na mtu mweusi. Walker alikuwa na maumivu ya mkono na hakupangwa kucheza siku hiyo, lakini meneja wa Toledo, Charlie Morton, aliposikia masharti hayo alimpanga makusudi na kumwambia Anson kwamba asipocheza atakosa mgao wa viingilio. Anson akacheza. Chicago ilishinda 7 kwa 6 na kila upande ukachukua fedha zake. Kwangu hiyo ndiyo siku muhimu kuliko zote katika habari hii. Meneja mmoja wa mji mdogo alisimama imara kwa alasiri moja, na mtu mwenye nguvu kuliko wote katika mchezo akarudi nyuma. Kumbe iliwezekana!

Msimu wa 1884 uliisha vibaya. Mpira ulimvunja Walker ubavu mwezi Julai, na Septemba Toledo ilimwacha. Katika siku hizohizo Morton alipokea barua kutoka Richmond, Virginia, ikionya kuwa wanaume 75 wameapa kumshambulia Walker akionekana uwanjani na sare. Hakuwamo tena kwenye timu Toledo ilipocheza huko. Baada ya hapo hakuna timu ya ligi kuu iliyomchukua, akarudi ligi za chini.

Ilikuwa huko, mwaka 1887, ambako mlango ulifungwa mchana kweupe. Walker alikuwa Newark, katika International League, akimdakia George Stovey, mrushaji mweusi aliyeshinda zaidi ya mechi 30 msimu huo. Ligi hiyo ilikuwa na wachezaji weusi kadhaa, akiwemo Frank Grant wa Buffalo, na walikuwa wakifanya vizuri. Julai 14 Chicago ya Anson ilikuja Newark kwa mechi ya kirafiki. Safari hii hakuna Morton aliyesimama. Walker hakucheza, wala Stovey, aliyesemwa kuwa mgonjwa. Siku hiyohiyo, huko Buffalo, viongozi wa ligi walipiga kura ya kutoidhinisha tena mikataba mipya ya wachezaji weusi. Kura zilikuwa 6 kwa 4. Timu zilizokuwa na wachezaji weusi zilipinga. Zisizokuwa nao ziliunga mkono, pamoja na Binghamton iliyokuwa imetoka tu kuwaacha wachezaji wake wawili weusi.

Sita kwa nne. Watu wawili wangeinua mkono upande mwingine, hoja ingeanguka. Ndiyo maana siwezi kukubali maelezo ya "enzi zile". Katika enzi zilezile, ndani ya chumba kilekile, watu wanne walisema hapana.

Weldy aliliona hilo mapema. Mwaka 1888, ligi nyingine ya Ohio ilipoelekea njia hiyohiyo, alimwandikia rais wake barua iliyochapishwa kwenye gazeti la michezo la Sporting Life. Alisema sheria hiyo ni fedheha kwa zama zao, na kwamba mchezaji akitolewa sababu iwe uwezo, mwenendo au akili, isiwe rangi yake. Ni maneno ya mtu wa mwaka 1888. Anayedai kuwa watu wa wakati ule hawakujua kuwa ni dhambi, ajibu barua hiyo kwanza.

Fleet aliendelea Syracuse, akatwaa ubingwa nao 1888, na alipoachwa Agosti 1889 hakuna mweusi mwingine aliyecheza katika International League hadi 1946, Robinson alipojiunga na Montreal. Maisha yake ya baadaye hayakuwa mepesi. Mwaka 1891 alimuua mtu kwa kisu katika ugomvi huko Syracuse, na baraza la mahakama la wazungu watupu likamwachia huru. Mwaka 1898 alihukumiwa kwa wizi wa barua za posta. Aliendesha ukumbi wa maonyesho huko Cadiz, Ohio, na akapata hataza za vifaa vya mikanda ya filamu. Sioni sababu ya kuficha mabaya hayo ili apendeze. Haki ya kucheza mpira haikutolewa kwa watakatifu peke yao, na Anson hakuwa mmoja wao.

Mwaka 1908 alichapisha kitabu kidogo akiwasihi watu weusi wa Marekani wahame, warudi Afrika, kwa sababu aliamini hawatapata kamwe haki yao pale walipo. Yeye mwenyewe hakuhama. Aliishi Ohio hadi alipofariki Mei 11, 1924, na kaburi lake Steubenville lilikaa bila jiwe hadi 1990. Nikiwa msomaji wa huku Afrika, kitabu hicho kinanihuzunisha kuliko barua ya Richmond. Mtu aliyesoma Oberlin pamoja na wazungu, aliyecheza nao, aliyesimama mbele ya Mullane na kudaka asichokijua, alifika mahali akasema haiwezekani tena. Sikubaliani na jibu lake, maana Afrika ya 1908 ilikuwa mikononi mwa wakoloni. Lakini ni jibu la mtu aliyeona kwa macho yake mlango ukiwa wazi, halafu akaona nani anaufunga.

Anson aliingizwa katika Jumba la Wakongwe la Cooperstown, linaloenzi magwiji wa besiboli, mwaka 1939. Bud Fowler, aliyekuwa mweusi wa kwanza kulipwa kwa besiboli, mwaka 1878, aliingizwa mwaka 2022. Walker bado hayumo. Wanaompinga husema mechi 42 ni chache. Ni chache kweli, na ubavu uliovunjika una sehemu yake. Misimu mitano iliyofuata alikuwa mzima, anadaka, anatwaa ubingwa, na ligi kuu haikumwita. Huwezi kumnyima mtu uwanja halafu ukamhukumu kwa uchache wa mechi zake. Aingizwe, na kwenye bango lake la shaba, chini ya jina na timu zake, iandikwe tarehe Julai 14, 1887 na matokeo ya kura.