Ni titaniamu, sawa. Lakini ni Merlin?

Sumaku isiponasa, muuzaji wa baiskeli za mtumba hutabasamu. "Umeona kaka? Titani hiyo." Mara nyingi biashara huishia hapo, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilitakiwa kuanza. Sumaku imekwambia jambo moja tu, kwamba hicho si chuma cha kawaida; haijakwambia kama ni titaniamu, sembuse kama ni Merlin, kampuni ya Marekani iliyojulikana kwa fremu za titaniamu. Aluminiamu nayo hainaswi na sumaku, na fremu kibao zinazoshuka kwenye makontena na kuishia Kariakoo ni za aluminiamu, zimekwanguliwa rangi na kung'arishwa mpaka zikapata ule ukijivu unaotutoa udenda.

Kuzitofautisha si kazi ngumu, hasa Dar penye hewa ya chumvi. Fungua boliti za kishikio cha chupa uchungulie. Aluminiamu iliyokaa na boliti ya chuma huota unga mweupe, na kama imepakwa rangi, rangi hufura vipele. Titaniamu haina mambo hayo. Ila unga ukiukuta kwenye nguzo ya kiti usihukumu haraka, maana nguzo yenyewe huwa ya aluminiamu hata kwenye fremu ya titaniamu, na hizo mbili zikikutana kwenye chumvi hung'ang'aniana kiasi cha kumtoa fundi jasho.

Kisha tazama mishono ya kuchomelea. Ya aluminiamu kwa kawaida ni minene. Ya titaniamu kwenye fremu ya fundi mzuri ni myembamba, magamba madogo yamepangana sawasawa, rangi ya fedha. Bluu iliyokolea au unga mweupe kwenye mshono maana yake hewa iliingia wakati wa kuchomelea, na mshono wa namna hiyo huwa mkavu, unapasuka. Nisingeinunua hata kwa bei ya kutupa.

Wapo wanaopima kwa kilo. Ni kweli titaniamu ina gramu 4.5 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo, chuma karibu 7.8, aluminiamu 2.7. Lakini fremu haiji ikiwa tofali. Mabomba ya aluminiamu hufanywa mapana na yenye ukuta mnene zaidi, kwa hiyo kwenye mizani fremu hizo mbili zinaweza kulingana kabisa. Na wale wanaotaka kugusisha grainda waone cheche nyeupe, kipimo hicho kinafanya kazi, sikatai. Lakini fremu unayotaka kuilipia pesa za maana huitii grainda. Fanyia ya kwako.

Tuseme sasa ni titaniamu. Hapo ndipo wengi wetu tunapoliwa, kwa sababu tumeshasherehekea. Swali la madini limejibiwa, la jina bado. Stika ya Merlin au ya Litespeed, Mmarekani mwenzake, inanunuliwa na kubandikwa kama jina la mchezaji mgongoni mwa jezi, na mimi siihesabu kabisa, iwe mpya au imechakaa. Hata ile inayosema 3/2.5 inataja aloi tu: titaniamu yenye aluminiamu asilimia 3 na vanadiamu asilimia 2.5, mabomba yaliyoanzia kwenye mifumo ya haidroliki ya ndege na baadaye yakatumiwa na watengenezaji wengi wa baiskeli.

Kinachomuumbua mwongo ni mwaka. Akikwambia ni fremu ya barabarani ya 1991, toa rula. Bomba la mbele linatakiwa kuwa la kupokea foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya inchi 1, siyo lile pana la siku hizi. Foki inabadilishwa, bomba halibadilishwi, kwa hiyo pima bomba. Nyuma, gurudumu linapoingia, tegemea upana wa milimita 126 au 130. Na kama kuna mahali pa kufungia breki za diski, mshukuru mwenye mali, urudi zako nyumbani. Nimeona tangazo la namna hiyo kwenye simu, picha safi kabisa, "orijino ya 1991", na masikio ya breki ya diski yanaonekana wazi karibu na gurudumu la nyuma. Watu walikuwa wanauliza bei tu.

Lakini tusiwe wepesi wa kuita kila kitu feki. Kwenye titaniamu, jina na karakana vimekuwa vikipishana tangu zamani. Eddy Merckx, bingwa wa zamani wa mbio za baiskeli kutoka Ubelgiji, aliuza fremu za titaniamu zilizotengenezwa na Litespeed kule Tennessee, kwa hiyo Merckx inayofanana na Litespeed haina kosa. Merlin ilianzia Massachusetts, lakini mwaka 2000 ilichukuliwa na kampuni iliyokuwa na Litespeed, kazi ikahamia Tennessee. Mjuaji atakayekuambia Merlin ya Tennessee ni bandia, mwache aendelee na ujuaji wake.

Wauzaji wetu wengi, kwa jinsi ninavyowaona, si matapeli. Mtu amenunua lundo la baiskeli, moja ina stika, anaamini alichokisoma. Ndiyo maana simgombezi, namwomba picha ya chini, pale mhimili wa pedali unapopita, namba ya fremu inapogongwa mara nyingi. Namba iliyogongwa kwenye bomba lenyewe nitailinganisha na fremu nyingine za mwaka huohuo. Pakiwa pamesagwa pakalainishwa, sibishani tena kuhusu jina. Nikiipenda bado, na mishono ikiwa misafi, natoa bei ya fremu ya titaniamu isiyo na jina, nusu au chini ya anayoitaka yeye. Wakati mwingine anakubali. Mara nyingi ananiambia, "Bosi, hujui titani wewe," na anampigia mteja anayefuata.