Mifuko Miwili, Lori Moja

Jirani yangu hapa Nairobi alitenganisha taka kwa miezi mitatu: maganda na mabaki ya ugali mfuko huu, chupa na karatasi mfuko ule. Asubuhi moja akachungulia dirishani, akawaona vijana wa lori wakiirusha mifuko yote miwili kwenye lundo lile lile. Tangu siku hiyo ana ndoo moja tu.

Simlaumu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka Mkenya atenganishe zinazooza na zisizooza tangu nyumbani, ila lori la mtaani kwetu lina tumbo moja. Mwisho wa safari ni Dandora, jaa lililotangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na hadi leo linapokea.

Lakini jirani aliondoka dirishani mapema. Angesubiri, angewaona vijana hao hao wakipasua mifuko juu ya lori na kujaza magunia yao chupa na vyuma. Kinachowaponyoka huokotwa jaani na kuuzwa kwa kilo kwa mabroka. Chupa za maji husagwa, vyuma huyeyushwa, maboksi hurudi madukani yakiwa karatasi za chooni na trei za mayai. Pakiti za krispi ndizo hazina mnunuzi, hata uzioshe vipi.

Kinachoharibu mali ni maji. Boksi lililolowa mchuzi wa maharagwe halina bei. Kwa hiyo mfuko mkavu, ukifungwa vizuri, una faida hata ukipanda lori lile lile: mwokotaji hahitaji kupekua nepi na vigae vya chupa ili apate chakula cha jioni.

Wapo wenye hoja nzito kuliko ya jirani. Ukipeleka chupa zako safi moja kwa moja kwa kampuni, wanasema, unamwondolea mwokotaji wa Dandora kilicho bora na kumwachia uozo. Ni kweli, na mipango mingi ya kisasa ya kuchakata taka humruka mtu huyu kana kwamba hakuwahi kuifanya kazi hiyo. Lakini kumtunzia riziki yake ndani ya moshi wa jaa si hisani pia. Afadhali aipate mlangoni.

Kwetu hupita mmoja na gunia lake, alfajiri, kabla ya lori. Mfuko mkavu nautundika getini. Jirani naye ameanza kumwekea magazeti. Maganda na chupa bado anavichanganya.