Upinde wa mti usiojulikana: tuamini jina au gogo?

Mletee mchonga pinde gogo la mti asioufahamu, utasikia moja kati ya majibu mawili. Wapo watakaokuambia usijisumbue, katafute mti uliokwisha kuthibitika. Na wapo wanaoshikilia kwamba karibu kila mti una upinde ndani yake, mradi upewe umbo linaloufaa. Mimi naegemea kwa hawa wa pili, ingawa si kwa moyo wote.

Wa kwanza wana historia upande wao. Meli ya Mary Rose, iliyozama Uingereza mwaka 1545 na kuopolewa 1982, ilikuwa na pinde zaidi ya 130, zote za Taxus baccata, mti wa Ulaya uitwao yew kwa Kiingereza. Ubao mweupe wa nje wa mti huo huvumilia kunyooshwa, na kiini chake huvumilia kubanwa. Nani atatafuta mti mwingine akiwa na huo?

Lakini sifa ile ni ya mti pamoja na umbo lake. Pinde za Holmegaard, Denmark, zenye umri wa takriban miaka 9000, ni za Ulmus (elm kwa Kiingereza), na mikono yake, yaani pande mbili zinazopinda, ni mipana na bapa. Sababu ni hii: upinde ukivutwa, mgongo, yaani upande unaoelekea shabaha, hunyooshwa, na tumbo, yaani upande unaomwelekea mvutaji, hubanwa. Mbao nyingi huhimili kunyooshwa kuliko kubanwa, kwa hiyo tumbo ndilo huumia kwanza. Hutoa mikunjo midogo, au upinde hubaki umepinda hata ugwe ukishavuliwa. Dawa ni upana. Upana ukiwa mara mbili, ugumu huwa mara mbili. Unene ukiwa mara mbili, ugumu huwa mara nane, na nyuzi za juu na chini huteseka zaidi kwa mpindo uleule. Ndiyo maana mti mwepesi huchongwa mpana na mwembamba, na mzito huweza kupunguzwa upana.

Hoja hiyo ikivutwa mno nayo hukatika. Upana hauponyi ubao ambao kwa asili yake hukatika ghafla. Chonga kijiti kutoka gogo lenyewe, kikauke vizuri, kisha kikunje mpaka kivunjike. Kikiacha vibanzi virefu, endelea. Kikikatika pwa kama chaki, tafuta kazi nyingine ya gogo hilo. Jaribio hili nalithamini kuliko majedwali ya nguvu za mbao, kwa sababu vipimo vya majedwali hayo hutoka kwenye vipande vidogo visivyo na kasoro, na gogo lako lina mafundo yake.

Kuna pia mashauri yasiyohamishika kirahisi kutoka mti mmoja hadi mwingine. Tunaambiwa mgongo ufuate pete moja ya ukuaji, lakini miti mingi ya kitropiki haina pete zinazoonekana. Hapo njia salama ni kubandua gome na kuuacha uso wa chini yake bila kuukata. Wengine hubandika ngozi au kitani mgongoni, na husaidia, ila bitana yenye nguvu kupita kiasi hulihamishia tumbo mzigo zaidi. Na vumbi la mti usioujua usilipumue ovyo. Taxus yenyewe, pamoja na sifa zake zote, ina sumu.

Nawakubalia wa kwanza jambo moja zito: anayeanza akitumia mti mgeni, upinde ukivunjika hajui alaumu mti au mkono wake. Huyo aanze na mti unaojulikana. Aliyekwisha kuchonga kadhaa ndiye wa kujaribu, na jaribio la kwanza liwe refu, pana na la mvuto mwepesi. Auvute kwa kamba na kapi akiwa amesimama mbali, kwa kuwa vipande vikiruka hulenga uso. Akiona umeanza kubaki umepinda kabla ya nusu ya mvuto, ashushe nguvu aliyoikusudia papo hapo, asingoje ufike mvuto kamili.