Anayekalia faili la mtu naye ashitakiwe

Nilimsindikiza mama mmoja mjane kufuatilia mafao ya marehemu mumewe. Afisa alifungua faili, akapekua karatasi moja moja, akakiri kila kitu kimo. Kisha akanyamaza, akitutazama. Hatukutoa kitu. Akalifunga, akalichomeka chini kabisa ya rundo. "Mama, njoo wiki ijayo." Ilikuwa mara ya tano kuambiwa hivyo.

Hongo hakuitamka. Ndiyo maana wengi watasema huo ni uzembe tu, barua ya onyo inatosha. Mimi nakataa. Yule alijua wajibu wake na akaamua kutoutimiza, huku mtu akiumia mbele ya macho yake. Hiyo ni jinai.

Wala si wazo geni. Mwaka 1783 Uingereza ilimtia hatiani mhasibu wa serikali, Charles Bembridge, kwa kuficha fedha alizojua hazimo kwenye hesabu. Jaji Mansfield alishikilia kwamba anayekubali wadhifa wa kuaminiwa na umma hujibu kijinai akiutumia vibaya. Baadaye mahakama za huko zikaweka vipimo: je, alitenda kama mtumishi wa umma, kwa makusudi, kwa kiwango cha kuvunja imani ya wananchi, na bila sababu ya msingi? Hilo "kwa makusudi" nalipenda sana, maana linamkinga afisa aliyekosea kwa nia njema.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003 unazilazimisha nchi kuifanya hongo kuwa jinai. Ukifika ibara ya 19, kuhusu matumizi mabaya ya madaraka, unazitaka zifikirie tu. Tena lazima afisa awe na lengo la kujinufaisha, au kumnufaisha mwingine, isivyo halali. Mjane wangu hapo hapati pa kushika.

Italia mwaka 2024 ililifuta kabisa kosa la kutumia vibaya madaraka. Watetezi wa hatua hiyo walisema maafisa, hasa mameya, walikuwa wakiogopa hata kusaini nyaraka. Hofu hiyo naielewa, lakini dawa yake ni kuandika sheria kwa maneno yasiyoyumba, ili mwaminifu ajue mpaka uko wapi. Ukilifuta kosa, anayegoma kusaini kwa makusudi anabaki salama kuliko wote.

Faili la yule mama lilisainiwa siku afisa mwingine alipokalia kiti kile. Halikuongezwa hata karatasi moja.