Kaumwa na nge, presha inaingiaje?

Juzi kibarazani hapa Ngamiani, Tanga, nilisema India mtu akiumwa vibaya na nge mwekundu wa kule anapewa prazosini, yaani kidonge cha kushusha presha. Mzee mmoja akanikatiza, "Mwanangu, itolewe sumu, presha ya nini tena?" Wengi wakamuunga mkono, na swali lake lina maana kabisa.

Ila tuangalie sumu yenyewe inafanyaje. Inashika mishipa ya fahamu, ile milango ya kupitisha sodiamu inayotakiwa kufunguka na kufunga chapchap inabaki wazi. Mwanzoni mgonjwa anatapika, mate na jasho vinamchuruzika, mapigo yanaweza hata kwenda polepole. Halafu adrenalini inamwagika, mishipa ya damu inajibana, presha inapanda, moyo unasukuma weee mpaka unachoka, maji yanajaa mapafuni na pumzi inakuwa ya shida. Sasa prazosini inailegeza mishipa iliyojibana, moyo unapata nafuu. Daktari Himmatrao Bawaskar alianza kuitumia Maharashtra miaka ya 1980, na vifo vya waliozidiwa, ambavyo vilikuwa karibu 30 kwa kila 100, vikashuka sana.

Mzee naye ana hoja. Mwaka 2011 Bawaskar huyohuyo alilinganisha wagonjwa 70, nusu prazosini peke yake, nusu wakaongezewa dawa ya kupinga sumu. Walioongezewa walipona kwa wastani wa saa 8, wenzao saa 17.7, tofauti kubwa hiyo. Lakini mimi kinachonikaa kichwani ni hesabu nyingine ya humohumo, ambao hali yao ilizidi kuwa mbaya walikuwa 4 kati ya 35 kwa walioongezewa dawa ya sumu na 5 kati ya 35 kwa wa prazosini peke yake! Kidonge cha bei rahisi peke yake kilikuwa kimeshamshikilia mgonjwa asizame. Na ile dawa ya sumu imetengenezwa kwa nge wa India, siyo hawa wetu wa kwenye kuni na makuti, ambao mara nyingi wanaishia kwenye maumivu tu.

Prazosini nayo siyo ya kujipa nyumbani jamani, dozi ya kwanza inaweza kuangusha presha ghafla, hasa kwa mtoto aliyetapika mpaka kaishiwa maji, huyo anaongezewa maji kwanza, analazwa, anapimwa presha mara kwa mara.