Santuri za Den Haag na kanda ya baba

Huu ni mwaka wangu wa nane Den Haag, Uholanzi. Baridi nimeizoea, na viazi vyao nimevizoea. Nisichokizoea ni wivu unaonishika kila nikisimama kwenye meza ya mzee mmoja anayeuza santuri kuukuu sokoni.

Yeye ndiye aliyenijulisha kwa Golden Earring, bendi ya roki ya Kiholanzi. Aliitoa albamu yao Moontan kwenye jalada lake, akaishika pembeni kwa ncha za vidole, akapuliza vumbi, akaiinamisha kwenye mwanga nione kama ina mikwaruzo. Kisha akaniwekea "Radar Love". Besi inakwenda kama basi la usiku: mwanamume anaendesha gari usiku kucha kumfuata mpenzi wake, redio ikimsindikiza. Mimi niliyekulia kando ya barabara ya Morogoro nilimwelewa dereva yule papo hapo.

Bendi ni ya mji huuhuu. George Kooymans na Rinus Gerritsen waliianzisha 1961 wakiwa bado watoto wa shule. Barry Hay alikuja kuimba 1967, Cesar Zuiderwijk akakalia ngoma 1970. Wengine walipita, lakini hao wanne hawakuachana. "Radar Love" ya 1973 iliwafungulia Marekani, na "Twilight Zone" ya 1982 ikaingia kumi bora za huko. Albamu yao ya kwanza ni ya 1965, ya mwisho ya 2012. Mwaka 2021 Kooymans alipotangazwa kuwa na ALS, ugonjwa unaonyong'onyeza misuli, wenzake walifunga bendi. Hawakutafuta mpiga gitaa mwingine. Kooymans alifariki Julai 2025.

Kwetu mwanamuziki huhama, bendi ikabaki. Mwimbaji Muhidin Gurumo alitoka JUWATA, ndiyo Msondo ya leo, akaenda kuanzisha Mlimani Park 1978, baadaye Safari Sound, mwishowe akarudi Msondo. Msondo hiyohiyo, iliyozaliwa 1964 kwa jina la NUTA Jazz, imemzika mwimbaji wake TX Moshi William, imemzika Gurumo, na ngoma haikulala. Hapo sioni aibu yoyote. Bendi kwetu ni ukoo, na ukoo haufungwi kwa msiba. Kwa hili nasimama na Dar es Salaam.

Wivu wangu uko kwenye albamu. Mholanzi akitaka kusikia walichopiga vijana wa mtaani kwake 1965, ananyoosha mkono tu. Nyimbo zetu nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania, zikapigwa hewani nchi nzima ikacheza, mikanda ikarudi kabatini. Wapigaji wengi walizeeka bila albamu ya kumwonyesha mjukuu. Mikanda ile itolewe, kila wimbo na majina ya waliopiga, na familia zao zilipwe. Wako watakaonunua, nami nitakuwa wa kwanza.

Baba alikuwa akiweka redio kaseti yake mbele ya redio ya jirani, sote tunaamriwa kunyamaza. Kwenye kanda ninayoishi nayo hapa, mtangazaji anafunika gitaa la mwanzo, na katikati ya wimbo jogoo anawika. Mwezi uliopita nilimpelekea mzee wa santuri. Alisikiliza mpaka mwisho ameinamisha kichwa, akaomba nirudie. Kisha akauliza nani anapiga lile gitaa la pili.

Sikuwa na jina la kumpa.